Aya Mbili Zilizo Jirani

Bwana asifiwe, wapendwa. Somo letu la wiki hii ni Waebrania 13:3-4.

Aya ya tatu inasema, "Wakumbukeni hao waliofungwa, kana kwamba mmefungwa pamoja nao." Ya nne inafuata papo hapo: "Ndoa na iheshimiwe na watu wote, na malazi yawe safi." Tumezoea kuzitenga. Ya tatu tunaenda nayo kwenye huduma ya magereza, pamoja na sabuni na nyimbo. Ya nne tunaiweka akiba ya siku ya harusi. Ukizisoma kwa mkupuo mmoja linazuka swali tusilopenda kuliuliza kanisani: ndoa ya mfungwa nayo iheshimiweje?

Paulo hakuona haya kulisema jambo hili. Katika 1 Wakorintho 7 anaagiza mume ampe mkewe haki yake, na mke vivyo hivyo, wala wasinyimane isipokuwa wamepatana, tena kwa muda tu, Shetani asije akawajaribu. Kifungo kinavunja masharti yote mawili. Hakuna kupatana hapo, na muda wenyewe waweza kuwa miaka kumi na mitano. Hakimu amemhukumu mmoja. Huyu anayelala peke yake nyumbani hakusomewa shtaka lolote.

Ziko nchi zilizolitafutia njia, zikawaruhusu wanandoa kuwa faragha gerezani. Kanada, tangu 1980, ina vijumba ndani ya uzio wa magereza, vyenye chumba cha kulala, sebule na jiko, ambamo mfungwa aliyekubaliwa hukaa na familia yake hadi saa 72. Nikifikiria saa hizo, siwazi kitanda tu. Nawaza mtu anayemwoshea mkewe vyombo, wawili wanaobishana kuhusu chumvi, wanaonyamaza pamoja bila kuhesabu dakika. Unyumba ni hayo pia. Italia nako, Januari 2024, Mahakama ya Katiba ilikataa sheria iliyotaka askari awatazame wanandoa kila wanapoonana, hata pasipo sababu ya usalama. Jimbo la Mississippi, ambako desturi hii ilianzia kwa Marekani, katika gereza la Parchman, liliifuta 2014 likitaja gharama na watoto wanaozaliwa.

Kwingi haipo kabisa. Ni kioo katikati, mkonga wa simu sikioni, na askari anayetupia saa jicho.

Najua mtakaloniambia: mhalifu naye apewe raha? Swali hilo lina uzito, maana kila kesi ina mtu aliyeumizwa, na huyo hatumsahau. Lakini adhabu ya kifungo ni kunyang'anywa uhuru. Sioni mahali ilipoandikwa kwamba na ndoa inyang'anywe. Tunahubiri kuwa alichounganisha Mungu mwanadamu asikitenganishe, kisha tunamwachia mwenye ufunguo wa lango aamue.

Hata hivyo, tusimgeuzie Paulo maneno. Mke aliyekuwa akipigwa na mume huyohuyo aliyefungwa haburutwi gerezani kwa jina la haki ya ndoa. Haki hiyo inatolewa kwa upendo, haidaiwi kwa vitisho. Na faragha ikiruhusiwa, kupima afya kwanza ni sehemu ya upendo huohuo.

Kinachonisumbua zaidi ni sisi wenyewe. Dada ambaye mumewe amefungwa tunamchunga kwa macho, nani amemsindikiza, nani amempigia simu. Kaka ambaye mkewe amefungwa hamalizi mwaka kabla hajashauriwa kutafuta mwingine, na wanaomshauri ni watu wa maombi. Wote wawili wanapigana na jaribu lilelile alilolitaja Paulo, ila mmoja tunamlinda kama mshukiwa na mwingine tunamfungulia mlango.

Basi wiki hii, kama yupo mmoja wao katika ushirika wenu, msianze na mafundisho ya uvumilivu, hayo ameshayasikia. Mwulizeni siku ya kuonana ni lini, nauli anayo, na watoto atawaacha na nani.