Weka pini langoni: ramani ya likizo kutoka Nakuru hadi Rusinga

Kosa linaloharibu likizo nyingi za huku kwetu hutokea mapema, mtu akiwa bado amejilaza kwenye kochi. Anaandika jina la mahali kwenye ramani ya simu, anabonyeza nukta (pini) inayojitokeza, anaihifadhi, kisha anahamia jina lingine. Nukta ile imekaa kwenye jina, na gari halisimami kwenye jina. Kwa hoteli au duka tofauti ni hatua chache tu. Kwa msitu, mbuga, kreta au ziwa, tofauti hiyo inaweza kumeza saa nzima ya siku.

Chukua Menengai. Kreta yenyewe ina ukubwa wa kilomita 12 kwa 8 hivi, na jina lake kwenye ramani huelea katikati, chini bondeni. Anachokwenda kutazama mgeni kiko juu, kwenye ukingo wa upande wa Nakuru mjini. Ukiiambia simu ikupeleke kwenye jina, itakutafutia barabara yoyote inayoikaribia ile nukta, hata zile za kushuka kreta kunakochimbwa mvuke.

Msitu wa Kakamega ni mtego mkubwa zaidi, kwa sababu una milango miwili ambayo haina uhusiano. Buyangu iko kaskazini, unaiingilia kutoka barabara ya Kakamega kwenda Webuye, na inasimamiwa na Huduma ya Wanyamapori (KWS). Isecheno iko kusini, unapitia Shinyalu, nayo ni ya Huduma ya Misitu. Aliyelipia nyumba ya kulala upande mmoja akajikuta upande mwingine, njia ya uhakika kwa gari ni kurudi hadi Kakamega mjini na kuanza upya. Andika majina kamili kwenye pini: "Kakamega, lango la Buyangu" au "Kakamega, Isecheno". "Msitu" pekee haitoshi.

Ziwa Nakuru lina malango matatu: Lango Kuu upande wa mjini, Lanet na Nderit. Anayetoka Nairobi na hana shughuli mjini hujiokolea msongamano akiingilia Lanet. Kuna jambo la ziada hapa. Maji ya ziwa yamepanda sana tangu miaka ya 2010, yakafunika lango kuu la zamani na barabara kadhaa za ufukweni, na ramani iliyochelewa kusasishwa bado inakuchorea barabara zile. Badilisha mwonekano uwe wa setilaiti. Ukiona mstari wa barabara unaingia majini, usibishane na maji. Malipo ya mbuga za KWS hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya serikali, wala si kwa pesa taslimu, kwa hiyo kwenye maelezo ya pini ya lango andika: "lipa usiku wa kuamkia siku ya kuingia".

Namna ya kulipata lango ni hii. Fungua picha za setilaiti, fuata barabara kutoka lami hadi uone inapanuka ghafla, pana paa moja au mawili na magari yaliyoegeshwa. Shikilia kidole hapo mpaka pini mpya itokee, kisha nakili tarakimu zake za latitudo na longitudo na uipe jina lenye neno lango, maegesho, stendi au gati. Sehemu kumi na tano zinakamilika kwa muda wa kuchemsha githeri.

Tarakimu na ile alama ya kutoa

Safari hii ya Nakuru, Kisumu, Rusinga na Kakamega inavuka Ikweta, na ndipo wengi wanapoanguka. Ikweta inakata barabara ya Kisumu–Busia pale Maseno, na ile ya Nakuru–Baringo pale Mogotio. Nakuru, Kericho na Kisumu ziko kusini, kwa hiyo latitudo zake zinaanza na alama ya kutoa. Kakamega, Bogoria na Baringo ziko kaskazini, hazina alama hiyo. Nakuru mjini ni -0.3031, 36.0800. Dondosha hicho kistari kimoja na Nakuru inahamia jirani na Ziwa Bogoria. Kisumu ni -0.0917, 34.7680, bila kistari inaangukia Kaunti ya Vihiga. Ubaya ni kwamba pini zote mbili bado zinaonekana ziko "huku huku", kwa hiyo jicho halishtuki. Ukigeuza mpangilio, longitudo ikatangulia, Kisumu inatua Aljeria, na hilo angalau utaliona.

Karibu na Ikweta digrii moja ni kilomita 111 hivi, upande wowote ule. Tarakimu mbili baada ya nukta zinakukosesha hadi kilomita moja, nne zinakufikisha ndani ya mita 11. Nne zinatosha kwa lango lolote.

Kama sehemu ni nyingi, usizibandike moja moja. Andika jedwali kwenye Google Sheets au Excel, halafu liingize Google My Maps, huduma ya kujitengenezea ramani yako, ukitumia kompyuta. Safu ziwe hivi:

jina, latitudo, longitudo, siku, kufika, dakika, njia, maelezo

Ukiipa My Maps majina matupu bila tarakimu, itakisia, na kukisia kwake hakujui Kenya. Luanda tunayo ya Vihiga, mbele kidogo ya Maseno, na tunayo Luanda Kotieno ya Siaya panapopandiwa feri, lakini dunia inaijua zaidi ile ya Angola. Mbale ya Vihiga nayo ina pacha wake Uganda. Kuhusu Majengo hata nisiseme. Ukihifadhi jedwali kama faili la CSV, linalotenganisha safu kwa koma, jina lenye koma ndani, mfano Luanda, Vihiga, lazima lifungwe kwa alama za kunukuu. La sivyo safu zote zinasogea hatua moja kulia na "Vihiga" inasomwa kama latitudo.

Safu ya "kufika" iandikwe kwa saa 24. Mmoja wenu akiandika 2:30 akimaanisha saa mbili na nusu asubuhi, mwenye kusoma kwa saa za simu ataelewa saa nane na nusu mchana, na siku itaanza kwa lawama. 08:30 haina ubishi.

My Maps inakubali tabaka (layers) 10 kwa ramani moja na mistari 2,000 kwa kila jedwali unaloingiza. Kwa likizo ya siku sita hutafika huko hata kwa makusudi. Iambie ipake pini rangi kulingana na safu ya "siku", na hapo ramani inaanza kusema: rangi moja ikitawanyika pande mbili za mji, siku hiyo imepangwa vibaya. Badilisha namba kwenye jedwali, liingize tena. Ukichora njia ya magari, kila tabaka la njia linachukua vituo 10 tu, cha kwanza na cha mwisho vikiwemo, kwa hiyo chora siku moja kwa tabaka moja.

Muda ambao simu haiuoni

Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho ni takriban kilomita 185. Muda unaopewa ni wa gari linalotembea. Haujui malori ya Uganda yanayopanda kwa kujikongoja kati ya Salgaa na Mau Summit, wala matuta ya kila kituo cha biashara. Mimi huongeza robo kwenye lami kuu, nusu kwenye changarawe, na baada ya mvua changarawe huihesabu mara mbili. Halafu kuna Kericho. Mvua ya huko hupenda alasiri, wakati mwingine na mawe yake, kwa hiyo siku ya kuhama Nakuru hupanga niwe nimepita mashamba ya chai kabla ya saa saba mchana. Hilo linaamua saa ya kung'oa nanga Nakuru: saa mbili asubuhi, na kama unataka kupiga picha kwenye chai, saa moja.

Kisumu yenyewe ni rahisi, maana hifadhi ya swala (Impala Sanctuary), Hippo Point na ufukwe wa Dunga zimepangana kwenye upande mmoja wa mji, kusini, kando ya ziwa. Alasiri moja inatosha. Zianzie hifadhi na ziishie Dunga, kwa sababu jua la Kisumu huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja kasoro dakika chache, kutegemea mwezi. Mashua ipandwe saa moja kabla ya hapo. Samaki aagizwe kabla ya kupanda mashua; mzima wa kukaanga hakai tayari akikusubiri, na hakuna ramani yenye safu ya kungoja samaki.

Rusinga ndiyo siku inayotaka akili. Ukiangalia ramani utaona Mbita iko pale tu ng'ambo ya maji, na barabara inazunguka ghuba nzima: Ahero, Katito, Kendu Bay, Homa Bay, Mbita. Usiende na kurudi njia moja. Fanya duara. Toka Kisumu kwa barabara ya Bondo, simama Kit Mikayi, ile miamba mikubwa iliyopandana, ambayo iko umbali wa kilomita 30 hivi na ni njiani, kata Ndori, shuka Luanda Kotieno, vuka kwa feri hadi Mbita. Daraja linakuingiza kisiwa cha Rusinga, kwenye kaburi la waziri Tom Mboya aliyeuawa Nairobi Julai 1969. Lala huko. Kesho yake rudi kwa barabara kupitia Homa Bay na Kendu Bay.

Kwa nini feri iwe ya kwenda? Programu huihesabu feri kama kipande cha barabara. Inajumlisha muda wa kuvuka, saa moja hivi, lakini haijumlishi kungoja, wala haijui kama nafasi ya magari imejaa. Ratiba waulize wahusika siku moja kabla. Feri ikikataa asubuhi, una mchana mzima wa kurudi Kisumu na kuzunguka. Ikikataa alasiri ya kurudi, unazunguka ghuba usiku, huku ng'ombe na bodaboda zisizo na taa zikitembea barabarani. Kwenye tabaka la siku hiyo chora njia zote mbili, ya feri kwa bluu na ya kuzunguka kwa kijivu, ili uamuzi uwe umeshafanyika kabla ya kufika gatini.

Njiani ukirudi, nje kidogo ya Kendu Bay, kuna Simbi Nyaima, ziwa dogo la chumvi linalosimuliwa kuwa kijiji kilichozama baada ya kumnyima bibi kizee chakula. Jina lake kwenye ramani limo majini, bila shaka. Weka pini ukingoni.

Kakamega iachiwe siku ya mwisho, kilomita 50 kutoka Kisumu. Ndege na nyani huamka kabla yako, kwa hiyo kama kuna siku ya kutoka gizani ni hii. Jiwe la Ilesi, ule mwamba unaoitwa jiwe linalolia, liko kando ya lami, dakika kumi zinalitosha, na ulisimamie wakati wa kurudi.

Kabla bando halijakata

Pakua ramani ya nje ya mtandao ya Google Maps ukiwa kwenye waifai, kwa mraba unaoanzia mashariki ya Nakuru mpaka magharibi ya Rusinga. Ramani hiyo itakuelekeza ukiendesha gari bila intaneti, ila haitakuonyesha msongamano. Pini zako za My Maps ni jambo lingine: usitegemee kuziona bila mtandao. Zitoe kama faili la KML, yaani faili la pini za ramani, na uzifungue kwenye programu ya Organic Maps, ambayo ni ya bure na inafanya kazi yote ndani ya simu. Wakati wa kutoa faili utaona kisanduku cha kulifanya lijisasishe kupitia mtandao. Kiache wazi. Ukikiweka tiki unapata kiungo kitupu, si pini, na utagundua hivyo Ndori ukiwa huna hata kamstari kamoja ka mtandao.

Ramani mpya huwa ya siri. Badilisha iwe ya yeyote mwenye kiungo, lakini kwa kutazama tu. Ukiwapa wote ruhusa ya kuhariri, kuna kidole kitaburuta lango la Nderit hadi Njoro na hakuna atakayekiri. Na jina la mahali mnapolala, likiwa na tarehe, lisikae kwenye ramani inayozunguka makundi ya WhatsApp.

Mwishowe hesabu pini za kila siku. Zaidi ya nne, toa moja. Kwenye safari hii, ya kwanza kutolewa huwa Thimlich Ohinga, zile kuta za mawe za Migori zilizoingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018. Kwenye skrini inaonekana inapakana na Homa Bay, na ndiyo maana watu huichomeka mchana wa kurudi kutoka Mbita. Ipime kwa barabara, si kwa jicho, ongeza nusu kwa kipande cha changarawe, na utaona giza linakukuta kabla ya Kisumu. Ihamishie tabaka lake peke yake na uliite "Desemba".