Huyu Anywe, Yule Azamishwe

Shangazi yangu hakuwahi kuuita mmea wake "huu" wala "ule". Kwake wote walikuwa "huyu" na "yule". Asubuhi ya safari yake, begi likiwa tayari mlangoni, alinizungusha kwenye chumba chenye dirisha la mashariki akinionyesha mmoja mmoja, nami badala ya kusikiliza nilikuwa nacheka moyoni.

"Huyu anywe kikombeni. Kikombe chake kisikauke, lakini maji yasichache. Kila wiki mwaga ya zamani, mtilie mapya. Yule azamishwe, usimnyunyizie tu. Nusu saa, mara moja kwa wiki. Halafu..."

Simu ikalia. Gari lilikuwa limefika. Aliendelea kuniagiza huku akitafuta miwani, nami niliendelea kuitikia: ndiyo, shangazi, sawa, shangazi. Yaliyofuata baada ya ile "halafu" sikuyasikia hata neno.

Nilikuwa na miaka 23, masomo nimemaliza, kazi sina, naishi kwake na kula kwake bila kutoa chochote. Alikuwa anakwenda kumuuguza dada yake kwa wiki 5. Kumtunzia mimea ndilo jambo pekee aliloniomba tangu nihamie pale, na niliamua kulifanya kwa bidii kuliko lilivyowahi kufanywa. Nataka hilo lieleweke mapema. Mimi sikuwa mvivu.

Rafu za chini zilikuwa na mimea ya mapambo iitwayo bromelia, ya vyunguni: guzmania mbili zenye nyota nyekundu katikati, neoregelia zilizolala bapa kama sahani, na malkia wao, Aechmea fasciata, yenye majani mapana ya kijivu yaliyochorwa mistari ya fedha na kingo zenye miiba kama meno ya msumeno. Majani yake yalikumbatiana chini yakafanya kikombe kinachohifadhi maji. Alikuwa nayo mwaka wa sita na haikuwa imechanua hata mara moja. Juu yake, kwenye vipande vya magogo na kwenye nyuzi za kuvulia samaki, zilikaa tilandsia, ndugu wa bromelia hizo. (Nyuzi za plastiki, si waya wa shaba, shaba ni sumu kwa ukoo huu wote. Hilo nililijua baadaye, kama nilivyojua karibu kila kitu.) Kulikuwa na ionantha saba za kutosha kiganjani, bulbosa yenye majani yaliyojisokota kama mikono ya pweza, na usneoides iliyoning'inia kama ndevu za mzee. Katikati ya yote ilikaa xerographica, kubwa kuliko sahani ya kulia, majani yake yakijikunja kama maranda yanayotoka kwenye randa ya fundi.

Hapakuwa na udongo hata chembe kwenye rafu ile ya juu. Mimea ya hewa, ndivyo inavyoitwa, na mimi niliamini jina. Ni jina la kudanganya watu. Hewa peke yake haiishibishi. Mizizi yake ni ya kushikilia tu. Maji na chakula hupitia majanini, kwenye vigamba vidogo mno vinavyoyafunika kama vumbi. Ukitaka kumjua jamaa yao wa karibu, shika nanasi kwa kichwa chake kile cha majani: naye ni bromelia. Ukoo mzima una spishi zaidi ya 3,000, na asili yao wote ni mabara ya Amerika, isipokuwa mmoja tu unaoota kwenye miamba ya Guinea, Afrika Magharibi, ambaye sijui alikwendaje huko.

Nimetaja vumbi. Siku ya tatu niliona majani ya ile Aechmea yamejaa vumbi jeupe. Nikalowesha kitambaa, nikafuta jani la kwanza kutoka shina hadi ncha. Likatoka kijani, linang'aa. La pili. La tatu. Nikarudi nyuma hatua mbili kuitazama kazi yangu na nikaona shangazi, pamoja na mapenzi yake yote, hana mkono wa usafi. Kilichonizuia kumaliza mmea mzima ni miiba iliyonichoma kidole gumba.

Jumamosi nikazizamisha tilandsia zote kwenye beseni. Nusu saa niliiona kama ubahili: kama nusu saa inafaa, usiku kucha si utafaa zaidi? Asubuhi nikazitoa, na nusura nipige vigelegele. Zote zilikuwa zimebadilika rangi, kijivu kimeondoka, zimekuwa kijani kibichi. Nikajua zilikuwa na kiu ya siku nyingi. (Hubadilika hivyo zikilowa tu. Vigamba vikijaa maji hupitisha mwanga, ukaona ukijani wa jani lenyewe. Hata iliyo mahututi hubadilika vilevile.) Nikazirudisha kila moja mahali pake, zimekaa wima, zinachuruzika. Nikafunga dirisha upepo usiziangushe. Xerographica nikaiweka ndani ya bakuli refu la kioo, kwa sababu ilipendeza humo. Jumamosi ya pili nikafanya hayohayo.

Jumanne iliyofuata chumba kilikuwa na harufu. Haikuwa kali. Ilikuwa ile harufu ya maji ya maua yaliyosahaulika mezani. Bulbosa ilikuwa na wekundu wa kahawia shingoni. Nilipoigusa, mkono mmoja wa pweza ukabaki kwenye vidole vyangu. Nikaikimbilia xerographica. Kwa macho haikuwa na kasoro, majani yote ya nje yamejikunja vizuri, ya fedha, magumu. Nikaishika katikati niinyanyue kutoka kwenye bakuli, na moyo wake wote ukang'oka ukaja mkononi mwangu, mlaini kama kizibo kilicholowa, chini mweusi na unateleza. Majani ya nje yalibaki bakulini, mazuri vilevile, yamezunguka tundu.

Usiku ule sikulala. Nilisoma kila nilichoweza kukipata, na hapo ndipo niliposikia, wiki mbili na zaidi baada ya kuambiwa, maneno yaliyofuata "halafu". Halafu ipindue kichwa chini. Halafu ikung'ute, kwa sababu maji hujificha kwenye makwapa ya majani. Halafu iache palipo na hewa inayotembea mpaka ikauke kabisa, ndani ya saa 4 hivi, ndipo uirudishe. Nilisoma pia kwamba mimea hii mingi hupumua usiku. Mchana hufunga vitundu vyake kuyalinda maji. Giza likiingia huvifungua na kuvuta hewa ya ukaa ya kufanyia kazi kesho yake. Mimi nilikuwa nimeiziba pua saa ileile inapohitaji pua.

Nilikutana na kisa cha jina lake, nikacheka peke yangu usiku wa manane, kicheko kisicho na raha. Carl Linnaeus, Mswidi aliyeipa mimea mingi majina ya kisayansi, ndiye aliyeziita Tillandsia, kwa kumkumbuka Elias Tillandz, mtaalamu wa mimea wa karne ya 17. Inasimuliwa kwamba Tillandz aliugua vibaya na bahari akiwa safarini kwa meli, akaapa asirudie tena, na wakati wa kurudi akaizunguka ghuba nzima kwa miguu. Linnaeus alidhani mimea hii nayo inakwepa maji kama yule bwana. Alikosea, maana bila maji hufa. Lakini laiti ningelikosea kama yeye, xerographica ingekuwa hai. Nikasoma na hili, ambalo sikulihitaji: kwamba hukua polepole mno, na kwamba tangu 1992 biashara yake kati ya nchi na nchi iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaolinda mimea na wanyama walio hatarini, kwa jinsi ilivyokuwa ikichumwa ovyo porini.

Zile ionantha nilizipindua kwenye taulo nikaziwashia feni mpaka asubuhi. Tatu zilipona kati ya saba. Ndevu za mzee hazikujali chochote.

Sasa nije kwenye aibu ya pili, ambayo ni kubwa kuliko ya kwanza kwa sababu niliifanya nikiwa najua. Kwanza niliyapanga majani ya xerographica upya ndani ya bakuli, tundu limeelekea ukutani. Kisha nikatafuta namna ya kumpoza shangazi kabla hajaliona. Katika kusoma kwangu nilikuwa nimepita kwenye habari ya visiwa vya Azores vya Ureno, mwaka 1874, ambako inasemekana mafundi waliokuwa wakifanya kazi kwenye banda la vioo la mananasi waliunguza maranda kwa bahati mbaya, moshi ukajaa, na badala ya mananasi kufa yakachanua yote kwa pamoja. Moshi ulikuwa na gesi ya ethilini. Gesi hiyohiyo hutolewa na matunda yanapoiva, na kwa kuwa nanasi na bromelia ni ndugu, watu huzichanuza bromelia zao sugu kwa tofaa bivu.

Nikamwaga maji ya kikombe cha Aechmea, nikaweka tofaa kando ya shina, nikafunika mmea mzima kwa mfuko wa plastiki na kuufunga kwa kamba. Siku 10. Niliufungua siku moja kabla ya shangazi kurudi. Tofaa lilikuwa limenywea. Mmea ulikuwa vilevile. Nikatupa tofaa, nikakunja mfuko, nikanyamaza.

Shangazi hakukaa hata kwenye kiti. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku anapita, akaingia chumba cha mashariki na viatu vyake vya safari. Nilisimama mlangoni. Alikwenda kwanza kwenye Aechmea, akapitisha kidole juu ya yale majani matatu.

"Nani amemfuta huyu?"

"Mimi, shangazi. Alikuwa... ulikuwa na vumbi."

"Si vumbi hilo. Hivyo ndivyo vinywa vyake. Umemkoboa, baba."

Mistari ya fedha kwenye majani yale haikurudi tena. Akaenda kwenye bakuli. Hakuuliza kwa nini imegeuzwa ukutani. Alichukua jani moja la nje kwa vidole viwili, likaja. Akachukua la pili. Aliyatoa yote hivyo, polepole, akayapanga mezani kwa mstari, mpaka bakuli likabaki tupu.

"Nilikwambia umpindue."

"Sikusikia, shangazi."

"Ulisema sawa."

Sijawahi kukaripiwa kwa maneno machache namna hiyo. Nilimweleza yote: beseni, usiku kucha, dirisha. La tofaa sikulisema, kwa kuwa nililiona halina faida wala hasara, halikuzaa kitu.

Nilipata kazi mwezi uliofuata nikahama. Wiki kama 10 tangu siku ya mfuko, akanipigia. "Njoo umwone," alisema, akakata.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele ya rafu. Kutoka katikati ya kikombe kulikuwa kumepanda kichwa cha rangi ya waridi iliyoiva, chenye ncha kali pande zote, na katikati ya ncha zile vijiua vya zambarau vinachungulia, vilivyozeeka vimegeuka vyekundu. Ni ua linaloonekana kama limetengenezwa na mtu. Nikasubiri anishukuru.

"Miaka 6 nimemwacha aamue mwenyewe," alisema. "Wewe ulimfanya nini?"

Nikamwambia. Mfuko, tofaa, siku 10, hata visiwa vya Azores.

"Na ulisoma kinachofuata baada ya ua?"

Nilikuwa nimeishia kwenye ua. Kinachofuata baada ya ua, kwa bromelia karibu zote, ni kufa. Kila shina huchanua mara moja katika maisha yake, kisha huanza kuchoka jani baada ya jani, miezi mingi, pengine mwaka na zaidi, likiwalea machipukizi ubavuni mwake. Nilijitetea kwamba si kosa, kwamba ndivyo yalivyoumbwa, kwamba siku ile ingefika tu.

"Ingefika," alisema. "Kwani nani anabisha?"

Kisha akanitengea nafasi kwenye kigoda, kigoda cha mtu mmoja, tukabanana hapo tukilitazama ua mpaka giza likaingia. Lilidumu karibu miezi 5. Nilikwenda kulitazama kila Jumapili, na kila Jumapili tulitafuta chini, kwenye shingo ya mmea, kama kuna kitu kinachipua. Wiki nyingi hakikuonekana kitu, na hatukulizungumzia. Hatimaye yakatokea machipukizi mawili upande wa dirishani, na moja nyuma ambalo tulichelewa kuliona.

Yalipofikia nusu ya kimo cha mama yao shangazi akachukua kisu kikali, akalikata lile la nyuma pamoja na mizizi yake michache, akaliacha siku mbili kidonda kikauke, akalipanda kwenye chungu kidogo chenye vipande vya magome. Akanikabidhi mlangoni.

"Huyu anywe kikombeni," alianza.

"Endelea, shangazi."

"Asifutwe."

"Asifutwe. Halafu?"

Akanitazama kwa muda, kisha akaanza upya kutoka mwanzo, nami nikarudia kila neno baada yake, kama mtoto wa madrasa.

Yuko kwangu mwaka wa nne sasa, kwenye dirisha la mashariki. Fedha yake imejaa jani zima na hajaonyesha dalili yoyote ya kuchanua. Matofaa nayaweka chumba kingine.