Hewa Ilisafika kwa Majuma, Taka Zikabaki

Mwanzoni mwa mwaka 2020, serikali nyingi zilipowaamuru watu wabaki majumbani ili kuzuia kuenea kwa virusi vya korona, ilizuka kauli iliyopendwa sana mitandaoni kwamba dunia hatimaye ilikuwa imepata nafasi ya kupumua. Sikuwahi kuridhika nayo. Haikuwa uongo mtupu, maana hewa ilisafika kweli, lakini ilipima yale yanayobadilika upesi na kuyasahau yanayochukua miaka.

Tuanze na hewa yenyewe. Setilaiti zilionyesha naitrojeni dayoksaidi ikipungua juu ya miji ya China iliyofungwa, na huko Jalandhar, India, wakazi waliona kwa macho milima iliyokuwa imefichwa na uchafu wa hewa kwa miaka mingi. Gesi hiyo hutoka kwenye injini na mitambo inayochoma mafuta na makaa, na kwa kuwa hudumu hewani kwa saa chache tu, magari yakiegeshwa nayo hutoweka. Kabonidayoksaidi, gesi inayoipasha dunia joto, haiendi hivyo. Utoaji wake ulipungua kwa takriban asilimia 5 mwaka 2020, lakini kiwango chake angani kiliendelea kupanda, kwa sababu dunia ilikuwa bado inaongeza gesi juu ya ile iliyokwisha kurundikana, na sehemu yake hukaa huko kwa karne nyingi. Mwaka 2021 shughuli zilipofufuka, sehemu kubwa ya upungufu ule ilifutika. Misitu nayo haikupata likizo yoyote: katika Amazon ya Brazil, eneo lililokatwa mwaka 2020 lilizidi lile la mwaka 2019.

Upande wa taka ndio ulionishughulisha zaidi, pengine kwa sababu haukupigwa picha nyingi. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilieleza kwamba takriban tani 87,000 za vifaa vya kujikinga zilinunuliwa kupitia mpango mmoja tu wa Umoja wa Mataifa kati ya Machi 2020 na Novemba 2021, na nyingi kati ya hizo zilitarajiwa kuishia jalalani. Dozi bilioni 8 za kwanza za chanjo, kwa mujibu wa ripoti hiyohiyo, zilizalisha tani 144,000 za sindano, mabomba yake na masanduku ya kuyahifadhia. Karibu vituo 3 vya afya kati ya 10 duniani havikuwa na uwezo wa kushughulikia hata taka za kawaida, sembuse mzigo huu mpya. Silaumu barakoa wala chanjo. Ziliokoa maisha, na katika taharuki ile hakuna aliyekuwa na muda wa kutafakari plastiki. Hata hivyo barakoa nyingi za hospitali zimetengenezwa kwa polipropilini, aina ya plastiki isiyooza bali humeguka vipande vidogo, na waokotaji wa taka ndio waliozishika kwanza, mara nyingi bila glavu.

Katika jamii nako, athari zilizodumu hazikuonekana siku ya kwanza. Kilele cha kufungwa kwa shule kiliwagusa wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5, na masomo kwa njia ya intaneti yaliwafaa wale tu waliokuwa na vifaa na umeme. Agizo la kubaki nyumbani lilimlinda mwenye mshahara na chumba chake mwenyewe, likamtesa kibarua alaye kwa jasho la siku, na likamfungia mwanamke anayepigwa pamoja na anayempiga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika miaka ya 2020 na 2021 kulikuwa na vifo milioni 14.9 zaidi ya vilivyotarajiwa, vikiwemo vya watu waliokosa matibabu ya maradhi mengine kwa sababu hospitali zilikuwa zimeelemewa.

Mfano unaoniganda akilini ni wa Denmark, kwa kuwa ndani yake mazingira na jamii havitenganiki. Novemba 2020, baada ya virusi vilivyobadilika kugunduliwa kwa minki, wanyama wadogo wanaofugwa kwa ajili ya manyoya, na kuwarudia binadamu, serikali iliagiza wote wauawe, takriban milioni 17. Ikabainika kwamba agizo hilo halikuwa na msingi kamili wa kisheria, na waziri wa kilimo akajiuzulu. Mizoga iliyofukiwa kwenye mashimo yasiyo na kina kirefu ilivimba kwa gesi na kuchomoza juu ya ardhi, watu wakahofia maji yaliyo chini yake, na mwaka 2021 ikafukuliwa na kuchomwa moto. Wafugaji walilipwa fidia kubwa kutoka kodi za wananchi. Marufuku ya ufugaji huo ilikuwa ya muda tu, na kuanzia mwaka 2023 sheria imeuruhusu tena.