Nyayo za chokaa

Mwaka 2018 nilikuwa mwalimu wa afya katika shule moja ya msingi wilayani Kongwa, mkoani Dodoma. Maji kule huhesabiwa kwa ndoo, na vikope si ugonjwa wa kusoma kitabuni tu. Bibi mwenye nyumba niliyopanga alikaa kibarazani kila asubuhi na kibano na kipande cha kioo, aking'oa kope moja moja, kwa sababu zilikuwa zimegeukia ndani na kumkwaruza jicho. Ugonjwa ulimwanza utotoni, umri wa wanafunzi wangu. Hupita kwa mikono, kwa kanga moja kufuta nyuso tatu, na kwa inzi.

Basi nikafundisha. Nawa mikono, nawa uso. Watoto waliimba vizuri na mtihani wakajibu vizuri. Tulikuwa na vibuyu chirizi vinne, vidumu vya lita 5 vilivyoning'inizwa kwenye nguzo mbele ya ofisi ya walimu, mahali ambapo kila mgeni angeviona. Vyoo vilikuwa nyuma ya madarasa, upande wa mashamba.

Siku moja akaja afisa afya wa kata, mzee wa makamo. Hakuuliza daftari. Aliomba viti viwili, akaviweka chini ya mbuyu, akaniambia, "Mwalimu, tukae. Tusiseme kitu."

Kengele ya mapumziko ikagongwa, tukahesabu. Walitoka chooni watoto 31. Walionawa ni wawili.

Niliona aibu, lakini zaidi niliona njia. Kutoka chooni watoto walikata moja kwa moja kwenda uwanjani. Ni mtoto gani wakati wa mapumziko anakwenda kwa hiari yake mbele ya ofisi ya walimu? Mwaka mzima nilikuwa nawaambia wanawe, na sikuwahi kukaa nikawatazama wanapita wapi.

Mzee akanisimulia ya Bangladesh. Katika shule mbili za huko walijenga mahali pa kunawia, wakachora nyayo kutoka chooni hadi pale, na viganja penyewe pa kunawia. Hawakuongeza mahubiri. Mwanzoni waliokuwa wakinawa kwa sabuni baada ya choo ni asilimia 4. Wiki 6 baada ya kuchora, asilimia 74.

Jumamosi tukahamisha vibuyu vyote vinne. Darasa la sita walichimba mashimo, wengine wakakusanya mawe bapa. Mjukuu wa yule bibi mwenye nyumba, aliyekuwa darasa la kwanza, alikanyaga boksi nami nikauchora mguu wake kwa mkaa, tukaukata. Kwa boksi lile tukapaka nyayo za chokaa, jiwe baada ya jiwe, kutoka mlango wa choo hadi kwenye maji, palepale walipozoea kukata kwenda uwanjani.

Yeye ndiye aliyejaribu wa kwanza. Akakanyaga kijiti, kidumu kikainama, akaruka nyuma.

"Mwalimu, maji yananiingia kwenye mkono wa sweta."

Nguzo tulikuwa tumezipima kwa urefu wa darasa la sita. Tukashusha vidumu viwili hadi usawa wa kifua chake, akanawa tena, mikono kisha uso, macho ameyafumba kwa nguvu. Sabuni ilituhangaisha zaidi. Kunguru waliibeba ndani ya wiki ile ile, mpaka tulipoikata vipande na kuvifunga ndani ya soksi kuukuu. Zamu ya kujaza maji tuliwapa darasa la tano, kabla ya namba asubuhi.

Mvua za Desemba zilifuta chokaa yote. Shule ilipofunguliwa Januari nilikwenda na ndoo na brashi ili nichore upya, nikakuta mapumziko yameanza. Nikasimama kando. Watoto wapya wa darasa la kwanza, ambao hawakuwahi kuziona nyayo zile, walikuwa wakitoka chooni nyuma ya wenzao wa la pili, wakirukaruka jiwe hadi jiwe kuelekea kwenye vile vidumu viwili vya chini.