Fungu moja, bei moja

Mdogo wangu ana miaka 26 na ana ulemavu wa akili. Alizaliwa na sindromu ya Down, yaani kromosomu ya 21 anazo tatu badala ya mbili. Hapa kwetu Kadutu, Bukavu, majirani walisema amerogwa. Mama hakumficha, ila alimfanyia kila kitu: kumwogesha, kumvalisha, hata kumkatia nyama. Nami nikamwiga mama, mpaka magoti ya mama yalipoanza kumsumbua.

Hapo nikaamua kumfundisha ajifanyie mwenyewe, nikaanza na kuoga. Nikimwambia "nenda ukaoge", anasimama tu na ndoo. Mwalimu mmoja anayefundisha watoto kama yeye akanishauri nianzie mwisho: nimwogeshe mimi, yeye ajikaushe tu. Akishaliweza hilo, ajimwagie maji ya mwisho, kisha ajisuuze, hivyo hivyo kurudi nyuma mpaka sabuni. Kila siku kazi inamalizikia mikononi mwake, anatoka akijisifu: "Yaya, niko safi!" (Yaya kwetu ni kaka au dada mkubwa.) Ilichukua miezi minne. Sabuni bado anaimaliza upesi mno.

Kuna jambo tulichelewa kuligundua, na linaniuma. Tulikuwa tukimwita haitiki, tukamwona mkaidi. Kumbe wenye hali hii wengi wana shida ya kusikia, na matundu ya masikio yao huwa membamba, yanaziba kirahisi. Muuguzi alipomtoa nta, siku hiyo hiyo aligeuka tulipomwita bila kupiga kelele. Miaka yote hiyo tulimgombeza bure.

Halafu biashara. Mwaka mzima nilimfundisha kuhesabu, tukaishia kulia wote wawili. Mwishowe nikaacha hesabu, nikapanga meza upya: kila fungu la nyanya ni franka 500, hakuna bei nyingine. Kwenye ubao nimebandika noti ya 500, chini yake nimechora fungu moja. Kando yake noti ya 1000 na mafungu mawili. Analinganisha, anapokea. Mwenye noti kubwa anatumwa kwa mama wa unga akavunjiwe. Siku za kwanza vijana walimwibia mafungu mawili matatu. Mama wa unga akawafokea mbele ya soko lote, wakakoma.

Jioni namlipa sehemu yake. Mama anataka amtunzie, mimi nasema pesa ni zake. Mpaka leo hatujaelewana. Yeye kila Jumamosi ananunua betri za redio, na usiku hatulali.