Jioni Niliyowasubiri Dire Straits

Tiketi yangu ilikuwa ya Jumamosi, tarehe 13 Julai 1985, nami niliikata kwa akiba ya kuosha vyombo hotelini, kabla haijatangazwa kwamba siku hiyohiyo Uwanja wa Wembley, jijini London, ungekuwa na tamasha la Live Aid la kuwachangia waliokuwa wakifa njaa Ethiopia. Dire Straits, bendi ya roki ya Uingereza, walikuwa na onyesho lao wenyewe katika ukumbi wa Wembley Arena, jengo la mwaka 1934 lililojengwa liwe bwawa la kuogelea, ambalo kati yake na uwanja ule palikuwa na maegesho ya magari tu.

Niliwajua tangu nikiwa Machakos. Kaka yangu alikuwa na kaseti ya albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1978, ambayo siku moja utepe wake ulinaswa ndani ya redio ukakatika katikati ya wimbo wa "Sultans of Swing". Aliukata penye mikunjo, akauunga kwa selotepu na kucha ya kidole gumba, na tangu siku hiyo mstari mmoja wa wimbo ukawa umemezwa. Tuliuimba hivyohivyo, kwa kuruka.

Wimbo huo ndio uliowatoa. Mwaka 1977 Mark Knopfler, aliyewahi kuwa mwandishi wa gazeti na kisha mwalimu, alikuwa akiishi Deptford, kusini mwa London, pamoja na mdogo wake David na John Illsley, mpiga gitaa la besi. Mpiga ngoma wao alikuwa Pick Withers, na jina la bendi lenyewe lilimaanisha ukata waliokuwa nao. Walirekodi nyimbo chache kwa fedha kidogo, wakampelekea mtangazaji Charlie Gillett wa BBC Radio London wakitaka ushauri wake tu, naye akaupiga wimbo huo hewani. Kufikia jioni ile ya 1985, David alikuwa ameshaondoka na Withers pia, hivyo kati ya wale wanne walibaki Mark na Illsley. Albamu yao mpya, "Brothers in Arms", iliyorekodiwa katika kisiwa cha Montserrat, ilikuwa na miezi miwili sokoni, na baadaye ikawa ya kwanza kuuza zaidi ya CD milioni moja.

Kwenye foleni nilikuwa na mzee mmoja wa Unguja niliyepanga naye nyumba moja. Saa kumi na mbili jioni, mtu aliyekuwa mbele yetu aliongeza sauti ya redio yake ndogo, nasi tukawasikia Dire Straits wakianza kule uwanjani. Kila pigo la ngoma lilitoka kwanza redioni, kisha, baada ya kitambo kidogo, likatufikia lenyewe kwa hewa kutoka ng'ambo ya maegesho. Nilifikiria Ukambani, ambako mwaka uliotangulia ukame ulitulisha mahindi ya njano ya kutoka ng'ambo, nikaona ni haki kabisa wimbo wetu wa kaseti uimbwe siku ile.

Walipomaliza, zamu ikawa ya bendi ya Queen, na sauti ya mwimbaji wao Freddie Mercury ikatufikia. Mzee aliinua kichwa, akanishika bega.

"Mdogo wangu, huyo kazaliwa kwetu Unguja."

"Kweli, mzee?"

"Kweli. Mtoto wa Kiparsi."

Akasikiliza hadi mwisho bila kusema neno jingine.

Dire Straits, bendi iliyokuwa imetoka kupigia dunia nzima, ilivuka maegesho yale kwa miguu, ikaja kwetu tuliokata tiketi. Nimewaheshimu kwa hilo hadi leo. Mark alipanda jukwaani amejifunga kitambaa kichwani, na kwa darubini ya kuazima niliuona mkono wake wa kulia ukifanya kazi bila kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi: dole gumba na vidole viwili, taratibu, kama mtu anayechambua mchele.

Ulipofika wimbo wetu, ukumbi mzima uliimba, nami nikaimba kwa sauti yote niliyokuwa nayo. Penye kiungo cha selotepu nikaruka, kama nilivyozoea, nikajikuta niko peke yangu mbele ya maelfu ya watu kwa mstari mmoja. Nikanyamaza, nikawasubiri wanifikie.