Siku Moja Maishani mwa Msimamizi wa Seva

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla sijanawa uso, nimekwisha kusoma arifa za usiku. Wengi hudhani kwamba kufuatilia seva za Windows, yaani kompyuta zinazohudumia kompyuta nyingine, ni kukaa mbele ya skrini na kutazama michoro ikipanda na kushuka, ilhali kazi yenyewe hasa ni kuamua jambo gani linastahili kumwamsha mtu usingizini na lipi lisubiri kupambazuke. Za leo zilikuwa mbili: tukio namba 7031, yaani huduma ya uchapishaji ilikatika ghafla na Windows ikaiwasha tena, na onyo la diski iliyobakiwa na nafasi chini ya asilimia 15. Hakuna aliyeamshwa, na ndivyo nilivyokusudia.

Kuanzia saa mbili nilikuwa naandaa ufuatiliaji wa seva mpya. Vipimo vyenyewe huchaguliwa upesi: matumizi ya prosesa, memori iliyo huru, nafasi ya diski na muda ambao diski huchukua kujibu. Ugumu uko kwenye viwango. Kijana ninayemfundisha alitaka arifa itoke mara tu prosesa inapofika asilimia 90, nikamweleza kwamba seva inayotengeneza nakala rudufu usiku inaweza kuvuka hapo kwa dakika kadhaa bila kuwa na kosa lolote, na mtu aliyeamshwa bure mara mbili, mara ya tatu ataizima simu. Arifa ya Performance Monitor, programu ya Windows ya kupima hali ya seva, usipoibadilisha, hupima kila baada ya sekunde 15 na hulia kila kipimo kinapovuka kiwango, haina subira. Ndiyo maana tumeandika skripti fupi ya PowerShell, lugha ya kuandikia amri za Windows, inayochukua wastani wa dakika 10 ndipo iamue. Barua pepe nayo hutumwa na skripti hiyo hiyo, kwa sababu uwezo wa Task Scheduler, mpanga ratiba wa Windows, wa kutuma barua pepe uliwekwa kando tangu Windows Server 2012.

Saa nne na nusu simu ya uhasibu ikalia.

"Kijana wangu, hii seva yenu imekufa tangu asubuhi."

"Shikamoo mama. Haijafa, naiona inafanya kazi."

"Inafanya kazi kwako. Kwangu ankara moja inachukua dakika nzima kufunguka. Iwasheni upya."

Ombi la kuwasha upya hulisikia kila mara, na hulikataa kila ninapoweza, kwa kuwa seva ikizimwa hali iliyosababisha tatizo hupotea pamoja na ushahidi wake. Prosesa ilikuwa kwenye asilimia 20 na memori ilikuwa tele, jambo lililomfanya mkuu wa idara, aliyekwisha kuungana nasi kwenye simu, atamke kwamba basi tatizo ni la mtandao. Nilifungua kipimo cha muda wa diski kusoma. Performance Monitor hukionyesha kwa sekunde, kwa hiyo 0.080 inayoonekana ndogo machoni ni milisekunde 80, nami huanza kuitilia shaka diski ikivuka 25. Prosesa ilikuwa imepumzika kwa sababu ilikuwa ikiisubiri diski.

Ilibaki kujua nani anaichosha. Resource Monitor, programu inayoonyesha nani anatumia nini kwenye seva, ilionyesha programu ya kuzuia virusi ikisoma mafaili ya hifadhidata, yale yenye kiambishi cha mdf na ldf, ambayo kwa kawaida huondolewa kwenye ukaguzi. Sera mpya ya usalama ilikuwa imefuta msamaha huo usiku uliotangulia. Kuligundua hilo hakukuchukua muda. Kilichochukua muda ni kumpata mwenye mamlaka ya kuurudisha, kumjazia fomu, kumweleza kwamba sikuwa naomba ulinzi uzimwe, kisha kurudia maelezo hayo hayo kwa bosi wake, huku mama wa uhasibu akipiga kila baada ya muda mfupi kuuliza kwa nini kuwasha upya kunatushinda. Mchana ulipita sijainuka kitini. Idhini ilipotoka, muda wa diski ulishuka hadi milisekunde 6, ankara zikafunguka, na simu za uhasibu zikakoma bila neno la asante. Nimezoea.

Jua likielekea kuzama, macho yakiwa yameanza kuwasha, niliongeza arifa ya muda wa diski kwenye seva ile, maana isingefaa mhasibu awahi kuliona tatizo kabla yetu mara nyingine. Arifa isiyojaribiwa siihesabu kuwa arifa. Nilishusha kiwango kwa makusudi hadi chini ya hali ya kawaida, nikasubiri wastani ukamilike, na mwenzangu wa zamu ya usiku akapiga simu akihema, akiuliza kama diski imeharibika. Nilimwambia ni jaribio, nikakirudisha kiwango kwenye milisekunde 25, nikamkabidhi zamu.